Uvimbe kwa mtoto: kazi ya sindano kabla ya kisu

Uvimbe unaojitokeza kwenye paja, shingo au mgongo wa mtoto mara nyingi si saratani. Huenda ukawa jipu, tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda cha mguuni, damu iliyovilia baada ya mtoto kuanguka, au donge la mafuta lisilo na madhara. Hata hivyo, miongoni mwa vivimbe hivyo vingi vimo vichache ambavyo ni sakoma, yaani saratani ya tishu laini: misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu na nyuzi zinazounganisha sehemu za mwili. Macho na vidole vya daktari, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, havitoshi kuvitenganisha. Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa saratani za watoto akishamchunguza mgonjwa na kuona picha za ndani ya mwili, huanza na sindano kabla ya kufikiria kisu.

Utaratibu wa kuchukua sehemu ndogo ya uvimbe ili ichunguzwe kwa hadubini huitwa bayopsi. Wazazi wengi huuogopa. Wapo wanaoamini kwamba uvimbe ukichomwa huamka na kusambaa mwilini, na wapo wanaodhani kwamba sindano yenyewe ndiyo tiba, hivyo wakishachomewa mtoto hurudi nyumbani wasirejee kuchukua majibu. Hofu ya kwanza huwachelewesha watoto kufika hospitali. Dhana ya pili huwapoteza wale ambao tayari wamefika.

Ucheleweshaji huo una gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa chini ya miaka 20 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 kati yao hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kuinua kiwango cha watoto wanaonusurika hadi asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030. Dawa zina nafasi yake katika pengo hilo, lakini mtoto hawezi kupewa dawa sahihi kabla ugonjwa wake haujapewa jina sahihi, na jina hilo hutoka maabara.

Funzo lililotoka Mulago

Historia ya jambo hili ina mizizi katika eneo la Maziwa Makuu. Mwanzoni mwa karne ya 20, maradhi ya malale yalipokuwa yakiua watu kwa wingi kandokando ya Ziwa Victoria, madaktari wa jeshi la Uingereza, Greig na Gray, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Uganda, walichoma tezi za shingo za wagonjwa kwa sindano na kuyatazama majimaji yake kwa hadubini ili kuwatafuta vimelea. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1904. Hawakuwa wakitafuta saratani, lakini njia waliyoitumia ndiyo ile ile inayotumika leo. Mwaka 1930 Hayes Martin na Edward Ellis wa New York walieleza namna ya kuitumia kwa vivimbe, na baadaye madaktari wa Sweden wakaikuza hadi ikawa kazi ya kila siku hospitalini.

Funzo kubwa zaidi lilipatikana Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kuwafuatilia watoto waliokuwa na vivimbe vya taya katika Hospitali ya Mulago. Mwaka uliofuata aliandika makala katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, na katika kichwa cha makala hayo aliuita ugonjwa huo sakoma ya taya za watoto wa Kiafrika. Wataalamu wa patholojia mjini Kampala, akiwemo Gregory O'Conor, walipozichunguza sampuli kwa makini walionyesha kwamba haikuwa sakoma. Ilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga ya mwili, ambayo leo inajulikana kwa jina la Burkitt.

Tofauti hiyo haikuwa ya maneno tu. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, na kuukata taya hakumponyi mtoto. Lakini ulipopigwa kwa dawa za saratani uliyeyuka, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Daktari wa upasuaji ambaye angeharakisha kumkata mtoto wa aina hiyo angemwachia kovu la uso, na ugonjwa ungebaki pale pale.

Kwa sakoma halisi kosa huwa la namna nyingine. Daktari anayedhani anatoa donge la mafuta pajani, kumbe ni saratani, hukata karibu mno na uvimbe na kuacha seli zake nyuma. Damu inayovuja huzieneza seli hizo katika tabaka za misuli ambazo mwanzoni zilikuwa safi. Upasuaji wa pili hulazimika kuwa mpana zaidi, na mguu ambao ungeweza kuokolewa huenda ukakatwa. Si haba kwamba dawa zikitangulia, uvimbe hunywea na kazi ya daktari wa upasuaji ikawa nyepesi. Lakini dawa haziwezi kutangulia pasipo bayopsi.

Sindano nyembamba na sindano nene

Sindano zinazotumika ni za aina mbili, na mzazi anapoambiwa mtoto atachomwa ni vyema aulize ni ipi.

Ya kwanza ni sindano nyembamba, ya namba 22 hadi 25. Namba za sindano huhesabiwa kinyume, jambo ambalo huwachanganya hata wanafunzi wa uuguzi: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 22 ina unene wa takriban milimita 0.7, sawa na sindano za kawaida za kutolea damu. Daktari huushika uvimbe kwa vidole, huingiza sindano, kisha huisogeza mbele na nyuma mara kadhaa ili ikwangue seli. Kinachopatikana ni tone dogo, ambalo hupakwa juu ya vioo vyembamba. Baadhi ya vioo huachwa vikauke kwa hewa na vingine hutumbukizwa mara moja katika spiriti, kwa kuwa kila rangi ya maabara ina matakwa yake. Kazi yote humalizika kwa dakika chache, mara nyingi bila kumlaza mtoto usingizi, na palipo na mtaalamu wa kusoma vioo dalili za awali zaweza kujulikana siku hiyo hiyo.

Uzuri wa sindano hii kwa hospitali za eneo hili haupingiki. Haihitaji chumba cha upasuaji na gharama yake ni ndogo. Usaha ukitoka badala ya seli, daktari anapata jibu palepale, nalo ni jibu la mara kwa mara: usaha uliojikusanya ndani ya msuli wa mtoto ni ugonjwa ambao madaktari wa nchi za joto wanaufahamu vyema, na kwa nje huweza kufanana na sakoma kwa ugumu na maumivu. Kifua kikuu cha tezi nacho hugunduliwa kwa njia hii. Kasoro yake ni kwamba huleta seli zilizotawanyika bila mpangilio wake. Ni kama kuletewa matofali ya nyumba iliyobomolewa na kuulizwa ilikuwa na vyumba vingapi.

Sindano ya pili ni nene, ya namba 14 hadi 18, yenye unene wa kati ya milimita 1.2 na 2.1. Ndani yake mna ulimi wenye mfereji na nje mna ala yenye makali. Chemchemi ikifyatuliwa, ala hukata kipande chembamba cha nyama chenye urefu wa takriban sentimita 1 hadi 2. Mlio wa kufyatuka kwake ndio unaowashtua watoto kuliko maumivu, maana ngozi huwa imekwisha kutiwa ganzi. Watoto wadogo hupewa dawa ya usingizi, mara nyingi ketamini, au hulazwa kwa nusu kaputi ikiwa uvimbe uko ndani sana. Vipande kadhaa huchukuliwa kupitia tundu moja la ngozi. Kwa kuwa kipande kinabaki na mpangilio wake, na kinatosha kwa vipimo vya ziada, sindano nene ndiyo inayopendelewa na wataalamu wengi pale sakoma inaposhukiwa. Sindano nyembamba hubaki kuwa mlinzi wa mlangoni, anayeamua nani aingie ndani kwa uchunguzi zaidi.

Mahali pa kuchoma hapachaguliwi kiholela. Kwanza hupigwa picha ya ultrasaundi, na inapowezekana ya MRI, ili kujua uvimbe umekaa wapi na sehemu ipi iko hai. Katikati ya uvimbe mkubwa mara nyingi mmejaa seli zilizokwisha kufa, na sindano ikiishia humo majibu hutoka matupu. Pili, njia ya sindano hupangwa pamoja na daktari atakayefanya upasuaji wa baadaye, ili alama ya tundu iwe ndani ya sehemu itakayoondolewa. Hapo ndipo lilipo jibu la hofu ya uvimbe kusambaa. Kubeba seli kwenye njia ya sindano ni jambo linalowezekana lakini ni la nadra, na mpango huo, pamoja na dawa zinazofuata, ndio kinga yake. Hatari ya kuacha uvimbe bila kujulikana ni kubwa kupita hiyo kwa mbali.

Seli zinazofanana

Ugumu halisi huanzia kwenye hadubini. Saratani kadhaa za watoto zina sura moja inayowasumbua wasomaji wa vioo: seli ndogo, za mviringo, zenye viini vikubwa vinavyochukua rangi ya buluu iliyokolea. Katika kundi hilo wamo rabdomiosakoma, ambayo ni sakoma ya tishu laini inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine zote, sakoma ya Ewing, iliyoelezwa na Mmarekani James Ewing mwaka 1921, limfoma, na neuroblastoma, inayotokana na chembechembe za mfumo wa fahamu. Kila moja ina mseto wake wa dawa. Mtoto mwenye limfoma akitibiwa kama mwenye rabdomiosakoma hupata sumu ya dawa bila faida inayostahili, na kinyume chake vilevile.

Ili kuzitenganisha, vipande hupakwa kemikali zinazoshikamana na protini maalumu na kuacha rangi ya kahawia. Rabdomiosakoma ni saratani inayoiga ukuaji wa msuli, hivyo huonyesha protini za msuli ziitwazo desmini na miojenini. Sakoma ya Ewing huonyesha CD99 kwa nguvu kwenye ukingo wa seli. Limfoma huonyesha alama za seli za kinga. Hakuna alama moja inayojitosheleza. CD99, kwa mfano, hujitokeza pia katika baadhi ya saratani za damu. Msomaji hodari huzisoma alama kadhaa kwa pamoja, kama hakimu anayesikiliza mashahidi wasiofahamiana.

Mahali penye uwezo zaidi, uchunguzi huenda hadi kwenye jeni. Aina ya rabdomiosakoma iliyo kali zaidi, ambayo hupenda mikono na miguu ya vijana, kwa kawaida hubeba jeni mbili zilizokatika na kuungana vibaya, PAX3 au PAX7 kwa upande mmoja na FOXO1 kwa upande mwingine. Kuwapo kwa muungano huo hubadili uzito wa matibabu. Mfano wa kutia moyo zaidi ni fibrosakoma ya watoto wachanga, uvimbe unaoweza kuonekana tangu mtoto anapozaliwa. Wengi wa watoto hao wana muungano wa jeni za ETV6 na NTRK3, na tangu mwaka 2018 Marekani imeidhinisha dawa ya larotrectinib, inayolenga kasoro hiyo hasa. Dawa hiyo ni ghali na bado iko mbali na wengi wa wagonjwa wa ukanda huu, lakini inadhihirisha ni kwa kiasi gani hatima ya kiungo cha mtoto imekuwa ikitegemea kipande kisichozidi unene wa uzi.

Sakoma ya Kaposi inastahili kutajwa kivyake, kwa kuwa katika Afrika Mashariki na Kati huwapata watoto pia. Kwa watu wazima watu wameizoea kama madoa meusi ya ngozi. Kwa watoto mara nyingi hujitokeza kama tezi zilizovimba, bila doa lolote, na hivyo hudhaniwa kuwa kifua kikuu au limfoma. Kirusi chake, HHV-8, kiligunduliwa mwaka 1994, na rangi maalumu ya kukitambua ndani ya seli humaliza ubishi. Mtoto mwenye virusi vya Ukimwi huhitaji dawa za kufubaza virusi pamoja na dawa za saratani, na wengi huitikia vizuri.

Upo pia mtego wa upande wa pili, wa uvimbe usio saratani kujivika sura ya saratani. Uvimbe uitwao fasiaitisi ya vinundu hukua kwa wiki chache tu na seli zake hugawanyika kwa kasi, lakini hauna madhara na huweza kupotea wenyewe. Msuli ulioumia ukaanza kujenga mfupa ndani yake nao umewahi kuwapotosha wengi. Ndiyo sababu mtaalamu wa patholojia hukasirika, na ana haki, anapoletewa chupa yenye jina la mtoto pekee, bila umri, mahali pa uvimbe, muda uliochukua kukua wala habari kwamba mtoto alipigwa teke uwanjani mwezi uliopita.

Wasiopaswa kuchomwa

Si kila uvimbe wa mtoto huchomwa. Hemanjioma, uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu unaoanza wiki chache baada ya kuzaliwa, hutambuliwa kwa macho na historia yake. Huvimba kwa miezi kadhaa kisha hunywea taratibu, na wenye kuhitaji tiba hupewa propranololi, dawa ya moyo ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti manufaa yake kwa ugonjwa huo mwaka 2008. Uvimbe unaodunda kama mapigo ya moyo usiguswe kabla ya ultrasaundi. Uvimbe ulio katikati ya uti wa mgongo, kisogoni au kwenye mzizi wa pua huenda ukawa umeungana na ubongo au uti, na kuuchoma ni kufungua njia ya vijidudu kuingia humo. Na jicho lenye mboni inayong'aa kwa weupe, ambalo huenda lina saratani ya retina, halichomwi sindano ya uchunguzi, kwa maana hapo hatari ya kumwaga seli ni ya kweli.

Safari ya kipande

Sehemu inayoharibu majibu mengi haiko mikononi mwa daktari wa sindano wala wa hadubini. Iko kati yao. Kipande cha sindano nene hutakiwa kuingizwa haraka katika formalini ya asilimia 10, kiasi kisichopungua mara 10 ya ukubwa wake, na kikae humo kwa saa kadhaa. Kikiwekwa katika maji ya chumvi kwa siku mbili ndani ya basi lenye joto huoza. Kikiwekwa katika formalini isiyochanganywa na maji, au kikaachwa humo kwa wiki nyingi, protini zake hufungana kiasi kwamba rangi za kahawia hazishiki tena. Ni maelezo yanayochosha kuyasikiliza, lakini hapa ndipo watoto wengi wa mikoani hulazimika kuchomwa mara ya pili.

Kipande kikifika salama hukaushwa, huzamishwa katika nta na kukatwa vipande vyenye unene wa elfu 4 hivi za milimita. Upungufu wa watu wa kuvisoma ni mkubwa, na njia moja ya kuukabili imekuwa kutuma picha badala ya kutuma vioo. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambayo kituo chake cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, ilijenga maabara yake ya patholojia kwa kushirikiana na wataalamu wa Boston na kutumia picha za hadubini zinazopelekwa kwa intaneti. Kwa upande wa matibabu, watoto wa ukanda huu hupelekwa katika vituo kama Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala, Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Majibu yanapotoka husomwa pamoja na picha na hali ya mtoto. Maneno "hakuna seli za saratani zilizoonekana" hayana maana kwamba saratani haipo. Yana maana kwamba haimo katika kipande kile. Uvimbe ukiendelea kukua baada ya majibu hayo, bayopsi hurudiwa. Hali zinazotakiwa kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa bila kusubiri ni uvimbe unaokua wiki hadi wiki, ulio mgumu au ulio ndani ya msuli, unaozidi sentimita 5, au uliorudi mahali ulipotolewa awali. Maumivu si kipimo, kwa kuwa sakoma nyingi hazimuumi mtoto mwanzoni, na jambo hilo ndilo linalowatuliza wazazi wasitulie.

Mzazi anayepewa rufaa kwenda mji mwingine, au nchi nyingine, anaweza kuomba nakala ya majibu yenye namba ya maabara, na kuomba pia kile kipande chenyewe ndani ya nta. Kikitunzwa vizuri, kipande hicho hudumu kwa miaka mingi, na hospitali inayompokea mtoto huweza kukikata upya na kukipima kwa rangi ambazo hospitali ya kwanza haikuwa nazo, pasipo kumchoma tena.